Meza ya Jirani na Kipimo Chake

Chakula kinachouzwa huhukumiwa na watu wa namna mbili: msafiri na jirani. Msafiri hula mara moja akaenda zake. Aweza kusifu kupita kadiri kwa sababu alikuwa na njaa, au kulaumu kupita kadiri kwa sababu alikuwa amechoka, wala hapana atakayemwuliza neno siku ya pili. Jirani hana uhuru huo. Hula leo, na kesho alfajiri hupita mlango ule ule akienda kazini, akamwona mpishi yule yule akipepea jiko lake, wakaamkiana. Akisema uongo juu ya chakula hicho, uongo wake utamrudia mezani. Katika insha hii nataka tuihakiki, wewe msomaji nami, nyumba ya kulia iliyo karibu na kwetu, na kwanza tutafute kipimo kinachoifaa.

Mahali petu ni Kiuu. Kiuu ni kata ya Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, upande wa Githurai, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika. Barabara hiyo ilikamilika kupanuliwa mwaka 2012, na reli iliyofika Thika mwaka 1913 hupita jirani. Hata majina ya Githurai 44 na Githurai 45 yametokana na nambari za njia za magari ya abiria. Ni mahali ambapo watu wengi huondoka kabla ya jua na kurudi baada ya jua, na kwa watu wa namna hiyo chakula kilicho karibu si anasa. Mtu aliyetoka Nairobi akiwa amesimama ndani ya gari kwa muda mrefu hana nguvu za kuwasha jiko. Akila vizuri karibu na kwake, amepumzika. Akila vibaya, siku yake imemdhulumu mara mbili.

Huenda ukashangaa nikikuambia kwamba kipimo chetu tutakianzia Ufaransa. Kiuu si mahali ambapo mtu huenda kutafuta mkahawa wa Kifaransa. Mwenye kuutamani hufunga safari ya Nairobi, na huko hulipa kwa mlo mmoja fedha ambazo zingemlisha mtaani siku nyingi. Hata hivyo Wafaransa ndio waliotangulia kuifikiri nyumba ya kulia kwa makini, na ndio waliofanya kuihukumu kuwa kazi ya kalamu. Si aibu kuazima mizani ya mtu kupimia mahindi yako. Aibu ni kuacha mahindi yako nyumbani kwa kudhani kwamba mizani ile haipimi ila ngano.

Jina ambalo mataifa mengi huliita nyumba ya kulia, restaurant, ni la Kifaransa, na hapo kwanza halikuwa jina la nyumba. Lilikuwa jina la mchuzi: supu ya nyama iliyochemshwa muda mrefu, iliyoaminiwa kwamba humrudishia nguvu mtu aliyedhoofika. Katika miaka ya 1760 walitokea mjini Paris watu waliofungua vyumba vya kuuzia supu hiyo, na jina la kilichonywewa likahamia mahali kilipokuwa kikinywewa. Kabla ya hapo, mtu aliyekula nje alizoea kuketi kwenye meza moja kubwa pamoja na wageni wengine, saa aliyoiweka mwenye nyumba, akala alichowekewa. Aliyeketi karibu na sinia alishiba. Aliyeketi mbali aliambulia mifupa. Nyumba mpya zilileta haki tatu. Mlaji alikuja saa aliyoitaka mwenyewe. Aliketi mezani pake. Na alichagua chakula katika orodha iliyoandikwa bei. Wako wasemao kwamba nyumba hizo zilizaliwa na Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789. Sivyo, zilikuwako kabla yake, ingawa baada yake ziliongezeka sana.

Palipo na uchaguzi hapakosi hukumu. Mwaka 1803 Alexandre Grimod de La Reynière alianza kutoa huko Paris mfululizo wa vitabu vya kuwaongoza walaji, ulioendelea hadi mwaka 1812, naye huhesabiwa kuwa miongoni mwa wahakiki wa kwanza wa chakula. Baadaye, mwaka 1900, kampuni ya matairi ya Michelin ilitoa kitabu cha kuwasaidia wenye magari, na mwaka 1926 ikaanza kuzitia nyota nyumba zenye chakula kizuri. Nyota zikaja kuwa tatu. Moja ilimaanisha nyumba njema katika aina yake. Mbili zilimaanisha kwamba yafaa mtu apinde njia ili aifikie. Tatu zilimaanisha kwamba yafaa mtu afunge safari kwa ajili yake peke yake.

Iangalie hesabu hiyo kwa makini. Nyota zile zinapima chakula, naam, lakini zinakipima kwa urefu wa njia. Ni kipimo cha msafiri, na hapana ajabu kwamba kilitungwa na muuza matairi. Sasa jiulize: nyumba iliyo mlangoni pako utaipimaje kwa kipimo hicho? Huna njia ya kupinda wala safari ya kufunga. Umbali wake ni hatua mia mbili, na hatua hizo huna budi kuzipita hata usipokula. Nyumba ya jirani haiulizwi, "Je, ningesafiri ili nije hapa?" Inaulizwa, "Je, kesho nitarudi?" Swali la kwanza hujibiwa na ulimi. La pili hujibiwa na ulimi, tumbo, mfuko na moyo kwa pamoja, na kimoja kikikataa, jibu ni la.

Wafaransa wenyewe wanazijua nyumba zinazoishi kwa swali hilo la pili. Huziita bistro: nyumba ndogo ya mtaani yenye meza chache na vyakula vichache, na mara nyingi chakula cha siku kimeandikwa kwa chaki ubaoni. Sisi katika Kenya tunaiita hoteli, ijapokuwa haina hata kitanda kimoja. Basi tuichukue hoteli moja ya Kiuu, mfano wa nyingi, tuipime kwa swali letu. Jina lake si lazima, maana sifa zake na makosa yake utayakuta katika nyingine kumi kabla hujafika mwisho wa mtaa.

Tuanze na supu. Mifupa ya ng'ombe imekaa jikoni juu ya moto mdogo tangu usiku. Mafuta yaliyozidi yameondolewa. Dania iliyokatwa hutiwa dakika ya mwisho, na pilipili huwekwa kando ili kila mtu ajipimie. Huletwa ndani ya kikombe kikubwa, ikiwa moto wa kutosha kukulazimisha usubiri. Hii ndiyo supu ya Paris ya miaka ile ya 1760, haina tofauti ila dania na pilipili. Mpishi wa Kiuu hakuijifunza kwa Mfaransa. Ameifikia kwa njia yake mwenyewe, kwa sababu uchovu wa watu ni mmoja na mifupa ni ile ile. Ladha yake haina haraka, na hilo ndilo la kusifiwa, maana moto mkali hutoa maji ya mifupa lakini hautoi supu. Katika supu hoteli yetu imeshinda, na mtu atarudi.

Chapati nayo imeshinda. Imekunjwa na kusukumwa tena hata ikapata matabaka, na huchomwa mlaji akiwa anaiona, ikaja ikiwa laini katikati na yenye madoa ya kahawia pembeni. Ndengu zimeiva bila kupondeka. Kitunguu chake kilikaangwa hata kikabadilika rangi kabla ya nyanya kutiwa, na ndiyo sababu mchuzi wake una uzito bila unga. Vyakula hivi viwili hupikwa kila siku, kwa wingi, kwa watu wanaovijua vizuri. Hapana mhakiki mkali kuliko mtu aliyekula chapati tangu utoto, naye hakuandika kitabu.

Lakini sasa tufike kwenye mboga, na hapa sifa zinakoma. Sukuma wiki imekatwa nyembamba kama nyuzi, ikachemshwa hata rangi yake ikafa, kisha ikaachwa juu ya moto tangu asubuhi ikingoja walaji wa mchana. Kilichobaki ni chumvi, mafuta na kumbukumbu ya jani. Kosa hili halitokani na umaskini. Mboga iliyopikwa muda mfupi hula makaa machache kuliko iliyopikwa muda mrefu, na soko la Githurai liko karibu, limejaa majani mabichi kila alfajiri. Kosa linatokana na fikira kwamba mboga ni kisindikizo, na kisindikizo hakistahili moto wa peke yake. Mpishi angeipika kidogo kidogo, kila saa sufuria ndogo, angepata mboga bora kwa gharama ndogo.

Kosa la pili limeandikwa ukutani. Rangi nzuri imechora majina ya vyakula ishirini: pilau, samaki, kuku wa kukaanga, mukimo na vingine. Mlaji huagiza samaki akaambiwa wamekwisha. Huagiza pilau akaambiwa ni ya Ijumaa. Mwisho hula ndengu, ambazo angeziagiza tangu mwanzo kama ukuta ungesema kweli. Kumbuka zile haki tatu. Mwenye orodha ya vyakula ishirini na sufuria tano amemrudisha mlaji kwenye ile meza ya zamani ya kula anachowekewa, kisha ameongeza kejeli ya kumwonyesha asichokipata. Ubao mmoja na kipande cha chaki vingetosha: vyakula vitano, bei tano, vyote viko jikoni. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukuta uliopakwa rangi hautembei, lakini unajaribu.

Kosa la tatu ni zito kuliko yote, nami naliweka peke yake kwa sababu halihusu ladha. Mlangoni pana mtungi wa maji wenye bomba, na saa ya mchana, watu wanapojaa, mtungi huo huwa mtupu na sabuni imekwisha. Juu ya ladha watu waweza kubishana: huyu apenda chumvi, yule haipendi, na wote wana haki. Juu ya maji ya kunawa hapana mabishano. Kipindupindu na homa ya matumbo huenea kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na kwa mikono isiyonawiwa, wala magonjwa hayo hayaulizi bei ya mlo. Mhakiki anayesifu supu akanyamaza juu ya mtungi mtupu ameufurahisha ulimi wake akawasaliti wenzake.

Tutoke nje kidogo, maana jioni meza ya Kiuu huhamia kando ya barabara. Hapo huchomwa mutura: utumbo wa mnyama uliojazwa nyama, damu na viungo, ukachemshwa, kisha ukakaushwa juu ya makaa. Wako vijana wa shule wanaoucheka, wakauita chakula cha watu wasio na fedha. Waulize basi wanasemaje juu ya boudin noir, chakula kinacholiwa Ufaransa kwa heshima. Watasema kwamba hilo ni jambo jingine, kwa sababu hawajaambiwa kwamba ni utumbo uliojazwa damu na viungo. Ndugu wawili wamezaliwa katika nyumba mbili, mmoja akavishwa suti. Lakini usiutetee mutura kwa upofu pia. Ubao mmoja, kisu kimoja na kitambaa kimoja cha kufutia vyote ni aibu ya mwuzaji, na kuutaja uchafu huo si kuidharau asili ya mtu. Anayekipenda chakula chake hutaka kiwe safi.

Liko jambo moja zaidi ambalo meza yetu inalikosa, nalo ni mazao ya nchi yake yenyewe. Pande za Thika wakulima hupanda mishiri, zile maharage mbichi nyembamba za kijani, ambazo huchumwa zikiwa changa, zikapangwa kwa urefu, zikapakiwa katika ndege kwenda Ulaya. Huko hupikwa dakika chache tu, zikaletwa mezani zikiwa na rangi yake na mlio wake katika meno. Ndizo mboga ambazo mgeni hujivunia kula mjini Paris. Kiuu iko njiani kati ya shamba na uwanja wa ndege, nazo hupita. Nyingine hukataliwa na wanunuzi kwa kuwa zimepinda au zimepita urefu, lakini kupinda hakujapata kuharibu ladha ya maharage.

Kahawa vilevile. Mapadre wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda kahawa Bura, katika Taita, mwaka 1893, na miaka michache baadaye katika misheni ya Mtakatifu Austin karibu na Nairobi, na aina ile ikapata jina la French Mission. Ruiru ikawa nchi ya mashamba ya kahawa na makao ya utafiti wake. Hapo ndipo ilipotolewa mwaka 1985 mbegu iitwayo Ruiru 11, inayostahimili kutu ya majani na ugonjwa wa matunda ya kahawa. Mashamba mengi sasa yamegeuka nyumba, lakini hata majirani wa Kiuu wamebaki na neno lenyewe katika majina yao: Kahawa Sukari na Kahawa Wendani. Ingia basi hotelini ukaombe kahawa. Utapewa chai ya maziwa. Nayo ni chai njema, siikatai. Ila ni ajabu mtu kuishi katika jina la kahawa asiinywe.

Sasa nije kwenye jambo lililo gumu kuliko mboga. Yote niliyoyasema ni mepesi kuandikwa na mazito kusemwa, kwa sababu mpishi ni jirani. Ada ya shule ya watoto wake hutoka katika sufuria ile. Neno moja baya, likienea mtaani, laweza kumfungia mlango. Na wako watu wanaolieneza kwa mchezo, bila kufikiri kwamba wanacheza na mkate wa mwenzao. Kwa hiyo wengi hunyamaza, wakaita unyamavu wao upole. Lakini unyamavu una gharama yake. Mlaji asiyesema haachi kuhukumu, huacha kuja. Siku moja hoteli huwa tupu, na mpishi hajui kama alifukuzwa na mboga, na ukuta, au na mtungi.

Ukitaka kuwa mhakiki wa haki, shika mambo haya. Usihukumu kwa mlo mmoja. Nenda asubuhi, nenda mchana watu wakiwa wengi, nenda jioni chakula kikiwa kinakwisha. Lipa unachokula, maana sahani ya bure ina ulimi wake. Hukumu kila chakula kwa bei yake na kwa ahadi yake. Ni dhuluma kuidai ndengu ya bei ndogo adabu za karamu. Tenga usilolipenda na lililo kosa, na makosa ya ladha usiyachanganye na makosa ya afya. Mwisho, mwambie mpishi kabla hujawaambia wengine, na umwambie kwa heshima. "Mama, supu yako haina mfano, lakini mboga hukaa mno motoni, na maji ya kunawa yalikwisha mchana." Maneno hayo hayamvunji mtu. Akiyasikia, amepata faida bila gharama. Asipoyasikia, wewe umetimiza wajibu wako, na miguu yako itasema yaliyobaki.

Wala usidhani kwamba mazungumzo ya chakula ni mambo madogo yasiyostahili wasomi. Mwezi Novemba 2010, kamati ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika iliutia katika orodha yake mlo wa sherehe wa Wafaransa. Kilichoandikwa si chakula kimoja. Ni desturi ya kukutana, kuchagua mazao mazuri, kupanga meza, kula kwa utaratibu, na kuzungumza juu ya kile kinacholiwa. Mkutano ulioamua hayo ulifanyika Nairobi, mwendo mfupi kutoka Kiuu. Miaka 11 baadaye, mwaka 2021, UNESCO hiyo hiyo iliitia kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika rejista yake ya mifano bora. Mataifa mawili, na meza mbili. Zote mbili zilihesabiwa kwa sababu wako watu waliozijali kiasi cha kuzisema.

Hukumu yangu juu ya hoteli ya Kiuu ni hii. Kwa supu, kwa chapati na kwa ndengu, nitarudi kesho. Kwa mboga sitarudi hadi zipewe moto wao wenyewe, na mchana wa watu wengi nitautazama mtungi kabla ya kuutazama ukuta. Nyota sina za kutoa, wala hoteli hiyo haizihitaji, kwa kuwa hapana atakayetoka nchi ya mbali kuifuata. Inaye mtu anayeshuka garini usiku akiwa na njaa, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Wewe msomaji unayo hoteli kama hiyo karibu na kwenu. Nenda ukale kwa makini, kisha umwambie mwenye nyumba kweli yote, ile tamu pamoja na ile chungu, ili siku ukirudi upate sababu ya kurudi tena.